Pauni ya mfalme mpya: tunanunua dhahabu au tunanunua sura?



Ndugu wasomaji, juma hili nitazungumza juu ya fundo la kanga. Lilikuwa fundo la shangazi yangu, Allah amrehemu, lililokaa chini ya sanduku lake la nguo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Alipofariki, tuliketi sebuleni mwake baada ya hitima, mwanawe mkubwa akalifungua mbele ya ndugu zake watatu wa kike. Ndani yake mlikuwamo pauni za dhahabu 12. Mbili zilikuwa na sura ya Malkia Victoria, tatu za Mfalme Edward VII, na saba za Mfalme George V. Shangazi hakuzivaa hata siku moja. Alikuwa akisema kwamba hiyo ni akiba yake ya siku ya dhiki, na siku hiyo, alhamdulillah, haikumfikia.

Kabla chai haijapoa, fitina ilikwishaingia. Miongoni mwa zile saba za George V ilikuwamo moja yenye mwaka 1911. Binamu yetu aishiye Leicester, Uingereza, aliletewa picha kwa simu, naye akajibu kwamba hiyo ni pauni ya mwaka aliotawazwa mfalme, na kwamba pauni za namna hiyo huuzwa huko kwa bei isiyo na mfano. Akatuma na tangazo la sarafu za Mfalme Charles III ili kuthibitisha maneno yake. Mtoto wa mwisho, msichana mpole kuliko wote, akamtazama kaka yake na kusema, "Ndiyo maana ulitaka uzihesabu wewe mwenyewe, kaka?" Kwa wiki tatu baada ya hapo hawakusalimiana.

Nikaombwa nilitafute jambo hili mpaka mwisho wake. Niliyoyapata nayaleta kwenu, kwani mafundo ya kanga kama lile yamo katika nyumba nyingi za pwani yetu, na matangazo ya sarafu za wafalme wapya yanawafikia jamaa zetu kila siku.

Mfalme mpya, sarafu mpya

Malkia Elizabeth II alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na mwanawe akawa mfalme saa ile ile. Kwa desturi ya Waingereza, kurithi kiti na kuvikwa taji ni mambo mawili mbalimbali. Kiti hurithiwa pale pale mtawala anapokata roho. Taji huvikwa baadaye, baada ya matayarisho marefu. Charles III alivikwa taji tarehe 6 Mei 2023, miezi minane baadaye.

Kiwanda cha sarafu cha ufalme huo, ambacho sasa kipo Llantrisant katika nchi ya Wales, hakikungoja taji. Mwaka ule ule wa 2022 kilitoa pauni za dhahabu zenye sura ya mfalme mpya, iliyochongwa na Martin Jennings. Upande wa nyuma, mahali ambapo tangu mwaka 1817 watu wamezoea kuiona picha ya mpanda farasi akimchoma joka, kazi ya fundi Mtaliano Benedetto Pistrucci, paliwekwa nembo ya ufalme kwa ajili ya kumkumbuka marehemu. Mwaka uliofuata zikatolewa nyingine zinazomwonesha mfalme akiwa na taji kichwani. Kwa hiyo mfalme mmoja, ndani ya muda usiotimia mwaka, alitolewa pauni za kuingia na pauni za kutawazwa, na kila moja ikapata wanunuzi wake.

Mna desturi nyingine katika sarafu hizo ambayo msomaji anaweza kuihakikisha kwa macho yake mwenyewe. Kila mfalme huelekea upande ulio kinyume cha yule aliyemtangulia, na desturi hii imeshikwa tangu karne ya 17. Elizabeth alitazama kulia. Charles anatazama kushoto. George V alitazama kushoto, na Edward VII aliyekuwa kabla yake alitazama kulia. Mtu akizipanga pauni za bibi yake mezani, ataona wafalme wanapeana visogo, kila mmoja akimpa mgongo aliyeondoka.

Aliyeivunja desturi hiyo ni mmoja, Edward VIII. Alirithi kiti Januari 1936, akapenda upande wa kushoto wa uso wake, akaamuru achongwe hivyo ingawa zamu yake ilikuwa ya kulia. Sarafu za majaribio zikatengenezwa chache sana. Disemba ya mwaka ule ule akajiuzulu, hata taji hajalivaa, na pauni zake hazikuingia sokoni. Moja kati ya hizo chache iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja za Kiingereza.

Hata hivyo, jina la mfalme huyo asiyetawazwa lilifika mifukoni mwa babu zetu. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati, ziliandikwa jina la Edward VIII. Kwa kuwa zilikuwa na tundu, hazikuhitaji sura ya mtu, na hivyo zilifuliwa na kutumika bila kungoja mfalme aamue atazame wapi. Zilitoka kwa wingi mno, na ndiyo maana hadi leo mtu akizikuta katika kopo la vifungo hapati utajiri. Jina ni lile lile la mfalme wa pauni milioni moja, lakini huku sarafu ni nyingi na kule ni chache.

Kwetu sikka ilikuwa na maana gani?

Kutoa sarafu mtawala anapoingia si jambo la Waingereza peke yao. Katika dola za Kiislamu mtawala mpya alijulikana kwa mambo mawili: jina lake kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa chapa katika sarafu. Ibn Khaldun ameiandikia sikka mlango wake katika Muqaddima, akiihesabu miongoni mwa alama za utawala. Aliyeasi alianza na hayo mawili, na aliyetii alitii kwa hayo mawili.

Tofauti kubwa ilikuwa katika kile kilichopigwa. Khalifa Abd al-Malik ibn Marwan alizitoa kwa miaka michache dinari zenye picha ya khalifa aliyesimama. Kisha, mwaka 77 Hijria, akaiondoa picha na kutoa dinari yenye maandishi matupu: tamko la tauhidi, utume wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na mwaka iliyofuliwa. Uzito wake ulikuwa mithqali moja, yaani takriban gramu 4.25. Uzito huu tuuweke akilini, kwani tutauhitaji mbele.

Sultan Mehmed II, aliyeifungua Konstantinopoli, alitoa dhahabu ya kwanza ya Waosmani mwaka 882 Hijria, nayo ikaitwa sultani. Baada yake ikawa kila sultani akikalia kiti hutoa dhahabu yenye jina lake, na mwaka unaoandikwa ni ule wa kukalia kiti. Suleiman, aliyeanza kutawala mwaka 926 Hijria, alitawala zaidi ya miaka 45, na dhahabu zake ziliendelea kuandikwa 926. Mtu asiyeijua desturi hiyo huweza kudhani kwamba zote zilifuliwa siku moja.

Pwani yetu nayo haikuwa nyuma. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu nyingi za shaba, zenye jina la mtawala na maneno ya kumtegemea Mola yaliyopangwa kwa vina. Na zipo sarafu tatu za dhahabu zinazojulikana zenye jina la Sultan al-Hasan ibn Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331 na aliyesifiwa kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Unguja, Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti mwaka 1870, lakini sarafu zake, zilizofuliwa Ubelgiji, zinasoma mwaka 1299 Hijria, takriban miaka 12 baadaye. Miongoni mwake zimo chache za dhahabu, za reale mbili na nusu na za reale tano. Hizo hazikuwa za kuingia kwake. Zilikuwa za kuonesha kwamba Unguja ina sarafu yake yenyewe, wakati ambapo soko lilikuwa limejaa fedha za kigeni.

Na fedha hizo za kigeni zinatufunza jambo. Reale ya Maria Theresa, iliyotembea kutoka Uhabeshi na Yemen hadi Unguja, huandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Iliendelea kufuliwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule muda mrefu baada yake, kwa kuwa wafanyabiashara waliizoea na hawakutaka nyingine. Hawakujali nani anatawala huko Vienna. Walijali kwamba uzito haubadiliki.

Tulipokwenda kwa sonara

Narudi katika fundo la shangazi. Tulizibeba pauni 12 hadi kwa sonara mmoja mzee, na kila mrithi alikuwapo, kwa kuwa nilishikilia sharti hilo. Akazipima moja moja mbele yetu. Kila moja ilikaribia gramu 7.99, na upana wake milimita 22. Ile ya 1911 haikuzidi nyingine hata kwa punje.

Pauni ya dhahabu haijabadilika uzito tangu 1817. Ni dhahabu ya karati 22, na kwa hiyo katika gramu hizo 7.99, dhahabu safi ni gramu 7.32, iliyobaki ni madini mengine yanayotiwa ili sarafu isilike upesi. Mtu akitaka kuijua thamani ya pauni yake, aulize bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku hiyo, kisha aizidishe kwa 7.32. Chochote kinachozidi hapo ni bei ya sura, ya mwaka na ya uchache.

Je, ile ya 1911 ilikuwa chache? George V alirithi kiti mwaka 1910 na akatawazwa Juni 1911, na ni kweli kwamba 1911 ndio mwaka wa kwanza wa pauni zake. Lakini mwaka huo kiwanda cha London peke yake kilifua zaidi ya milioni 30. Mwaka wa kwanza wa mfalme si lazima uwe mwaka wa sarafu chache. Pauni ya shangazi ilikuwa pauni kama wenzake.

Nilimtazama mtoto wa mwisho. Aliinamisha kichwa, kisha akamwambia kaka yake, "Nisamehe, kaka. Maneno yale hayakuwa yangu." Kaka akamjibu kwamba hata yeye, tangu lilipoletwa lile tangazo, alikuwa akiiwaza pauni ile usiku. Dhahabu ya shangazi ilikaa fundoni maisha yake yote bila kumgombanisha na mtu. Iliyowagombanisha watoto wake ni bei waliyoisikia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelipwa.

Haki iliyosahauliwa

Tulikuwa tukidhani kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni kugawa. Maalim mmoja tuliyemwendea kwa ajili ya mirathi akauliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza: "Marehemu alikuwa akizitolea zaka?"

Kimya kilitanda. Wote tulijua kwamba hakuwa akizitolea. Hakuwa mchoyo, alikuwa akizihesabu kama mapambo ya mwanamke, na amesikia, kama tulivyosikia wengi katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kwamba mapambo halali ya kuvaa hayana zaka. Maalim akafafanua kwamba hukumu hiyo ni ya dhahabu iliyotengenezwa ivaliwe. Dhahabu iliyofungwa fundoni iwe akiba ni mali iliyowekwa, na ikifika nisabu na kuzungukiwa na mwaka, ina zaka. Ama pauni zilizotiwa kikuku ili zivaliwe shingoni, wanazuoni wana maneno yao, na mwenye nazo amwendee sheikh wake akiwa ameibeba, aioneshe.

Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20. Hapa ndipo ule uzito wa dinari unapohitajika: 20 mara 4.25 ni gramu 85 za dhahabu safi. Pauni 11 zina gramu 80.5, hazifiki. Pauni 12 zina gramu 87.9, zimefika na kuzidi kidogo. Shangazi alikuwa na 12, wala hakuwa na akiba nyingine.

Tukaogopa kwamba deni la miaka yote hiyo lingezila pauni zote. Maalim akachukua kalamu. Zaka ya mwaka wa kwanza ni robo ya ushuri, yaani asilimia mbili na nusu: gramu 2.20. Kwa kuwa haki hiyo ya masikini imekwishaingia ndani ya mali yenyewe, cha shangazi kilichobaki ni gramu 85.67, bado kimefika nisabu. Mwaka wa pili, gramu 2.14. Kikabaki gramu 83.53, chini ya nisabu, na kuanzia mwaka wa tatu hakukuwa na zaka tena. Jumla ya deni ni gramu 4.34, kiasi kisichotimia pauni moja.

Pauni moja ikauzwa, na kiasi hicho kikatolewa kwa wanaostahiki kabla ya jambo lingine lolote. Masalio yake, pamoja na pauni ya pili, yakalipa gharama za mazishi na deni la dukani ambalo marehemu alikuwa ameliacha. Zikabaki pauni 10. Mume na wazazi wa shangazi walikwisha kutangulia. Warithi ni mtoto wa kiume mmoja na wa kike watatu, mafungu matano. Mtoto wa kiume akachukua nne, na kila binti akachukua mbili. Ile ya 1911 ilikwenda kwa mtoto wa mwisho. Kaka yake ndiye aliyemwekea mkononi.

Kwa anayetaka kununua

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, na nyinyi mnaotumiwa matangazo, sisemi kwamba kununua sarafu ya mfalme mpya ni kosa. Nasema ijulikane kinachonunuliwa.

Uliza uzito na karati kabla ya kuuliza bei, kisha piga hesabu ya dhahabu safi iliyomo. Ikiwa bei imepita hesabu hiyo mara mbili, basi nusu ya fedha yako umenunulia sura, na sura haina sonara wa kuirudisha fedha. Uliza zilitengenezwa ngapi. Sarafu inayotangazwa kwamba ni chache ilhali imetangazwa kwa kila mtu, uchache wake una shaka. Pauni za kughushi zimekuwapo tangu zamani, kwa hiyo ipime na uinunue kwa mwenye dhamana.

Na kwa upande wa dini: dhahabu hununuliwa kwa fedha papo kwa papo, mkono kwa mkono. Mpango wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi ilhali sarafu umekwisha kuletewa, au kulipa leo dhahabu ije baadaye, wanazuoni wengi wanauhesabu kuwa ni riba. Na anayebadilishana dhahabu kwa dhahabu, pauni ya babu kwa pauni ya mfalme mpya, hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza uzito kwa sababu ya sura iliyochongwa. Auze moja kwa fedha, kisha anunue nyingine.

Mwisho, kwa mama zetu wenye mafundo: lifungueni leo mngali hai. Hesabuni na mpime. Andikeni ni ngapi, ni za nani, na kama zimekwisha kutolewa zaka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza Mwislamu mwenye jambo la kuusia asikae hata siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Kama shangazi angeandika mistari mitatu tu, watoto wake wasingenuniana wiki tatu, na haki ya masikini isingengoja mpaka yeye aingie kaburini.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.